Nusu Rasmi: Namna ya Kuweka Utaratibu wa Mavazi Kazini Unaopimika

Mavazi ya nusu rasmi ni yale yanayokaa katikati ya suti yenye tai na nguo za kushindia nyumbani. Mwanamume huvua koti na tai, akabaki na shati lenye kola, suruali ya kitambaa au ya kadeti, mkanda na viatu vya kufunika. Mwanamke huvaa blauzi au shati kwa sketi au suruali, au gauni la mchana lisilo la sherehe wala la ufukweni. Ofisi nyingi za Afrika Mashariki hutumia neno hili kwenye mikataba ya ajira, kwenye mialiko ya semina na kwenye matangazo ya ubaoni, na mara nyingi hulitaja bila kulifafanua. Mhasibu aliyewahi kufanya kazi benki hulielewa kuwa ni suti bila tai. Kijana wa kitengo cha kompyuta hulielewa kuwa ni jinzi na raba safi. Mhudumu wa mapokezi hukisia, kisha husubiri kuona mkubwa wake atakunja uso au la. Hakuna aliyekosea kati yao, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa mpaka uko wapi.

Kuweka utaratibu wa mavazi ni kuuchora mpaka huo. Ukichorwa vizuri, mfanyakazi hupumzika na wasiwasi wa asubuhi, na msimamizi huepushwa na kazi ya kuamua kwa hisia zake. Ukichorwa vibaya hugeuka fimbo, na fimbo hiyo huwaangukia zaidi wanawake, vijana na wenye mishahara midogo. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni kupimika. Mtu anapaswa kuweza kusimama mbele ya kioo cha chumbani kwake saa kumi na mbili asubuhi na kujua, bila kumpigia simu yeyote, kama nguo aliyoivaa inakubalika.

Ngazi za mavazi ya kazini

Mavazi ya kazini yana ngazi nne. Ya kwanza ni rasmi kamili: suti, tai, viatu vya ngozi, kwa mwanamke suti ya sketi au suruali, au gauni lenye koti. Ya pili ni nusu rasmi. Ya tatu ni ya kawaida: jinzi, fulana, raba. Ya nne inasimama peke yake, nayo ni vazi la kazi lenyewe: sare, ovaroli, koti jeupe la maabara, kofia ngumu na buti za usalama. Ngazi hii ya nne hupangwa na hatari iliyopo kazini, na sheria za usalama na afya mahali pa kazi humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Hakuna waraka wa mavazi ya ofisini unaoweza kuipunguza.

Ndani ya nusu rasmi kuna daraja mbili, na ofisi inayozichanganya hupata malalamiko yasiyokwisha. Daraja ya juu ni ya siku ya wageni: shati la mikono mirefu, suruali ya kitambaa, viatu vya ngozi, na koti lililo tayari nyuma ya mlango. Daraja ya chini ni ya siku ya kawaida ya mezani: shati la mikono mifupi au fulana ya kola, ile inayouzwa Dar es Salaam kwa jina la fomu siksi, pamoja na suruali ya kadeti na moka. Ofisi inayotaja nusu rasmi inapaswa kusema ni daraja ipi, kwa siku zipi na kwa watu gani.

Ilikotoka

Mavazi ya nusu rasmi yana historia fupi, na historia hiyo imeanzia kwenye joto. Katika visiwa vya Hawaii, mwaka 1962, chama cha watengenezaji wa nguo kiliwagawia wajumbe wa mabaraza ya kutunga sheria mashati mawili mawili ya aloha, yale mapana yenye maua, ili kuwashawishi kwamba suti haifai kwa hali ya hewa ya huko. Mwaka 1966 desturi hiyo ilipata siku yake, Ijumaa ya Aloha, na kutoka hapo wazo la kulegeza mavazi siku ya Ijumaa likavuka bahari hadi Marekani bara.

Miaka ya mwanzo ya 1990 kampuni nyingi za Marekani zilikuwa zimeruhusu nguo za kawaida bila kusema ni zipi, na mameneja wakajikuta wanaamua kuhusu kaptura na fulana zilizochanika mmoja mmoja. Kampuni ya nguo ya Levi Strauss, iliyokuwa imeanza kuuza suruali za Dockers mwaka 1986, iliiona nafasi hiyo. Mwaka 1992 ilituma kijitabu cha kurasa nane kwa mameneja wa rasilimali watu wapatao 25,000, chenye picha za mavazi yanayofaa ofisini bila suti. Kampuni ilikuwa inatafuta soko la suruali zake, na ililipata. Lakini kijitabu kilipokewa kwa sababu kilijibu swali ambalo mameneja walikuwa nalo kweli. Picha moja ya shati na suruali iliwafaa kuliko aya tatu kuhusu heshima.

Japani iliingia kwa njia nyingine. Mwaka 2005 serikali ilianzisha kampeni ya Cool Biz ili kupunguza umeme unaotumiwa na viyoyozi. Viyoyozi vya ofisini viliwekwa nyuzi joto 28 wakati wa kiangazi, na wafanyakazi wakaombwa kuacha koti na tai. Kwa nchi ambayo tai ilikuwa alama ya mtu wa kazi, jambo hilo lilikuwa zito. Lililolisaidia kushika ni kwamba Waziri Mkuu Junichiro Koizumi na mawaziri wake walionekana hadharani bila koti wala tai. Mfanyakazi wa chini hakuhitaji kuwa wa kwanza kuvua.

Afrika Mashariki na Kati nayo ilikuwa na nusu rasmi yake kabla neno lenyewe halijafika. Suti ya Kaunda, iliyopewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, ni koti na suruali za kitambaa kimoja zisizohitaji tai, na aina yake ya mikono mifupi ilishonwa kwa ajili ya nchi za joto. Mwambao wa Waswahili una kanzu na kofia, na juu yake koti siku ya jambo rasmi. Kanuni za Bunge la Tanzania zimeyatambua mavazi hayo kwa wabunge wanaume pamoja na suti ya Kimagharibi. Kwa hiyo swali la vazi gani ni la heshima kazini linaweza kujibiwa kwa mavazi ya hapa hapa.

Mafunzo kutoka kwenye kanuni zilizopo

Historia ya karibu ina mifano ya kutosha ya kanuni zilizoyumba, na kila mmoja una funzo lake.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo, wanawake walikuwa wameanza kusumbuliwa na makundi ya vijana katika mitaa ya Dar es Salaam. Funzo lake ni la kusimamia: kanuni ya mavazi ikiachwa mikononi mwa kila mwenye macho, huacha kuwa kanuni na huwa ruhusa ya kudhalilisha. Ofisini maana yake ni kwamba mlinzi wa getini, dereva au mfanyakazi mwenza hapaswi kuwa hakimu wa nguo ya mtu.

Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ilitoa Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 kuhusu mavazi ya watumishi. Julai 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ya Uganda nayo ilitoa waraka wake: sketi zisipande juu ya goti, blauzi zisiwe bila mikono, wanaume wavae mashati ya mikono mirefu na tai, kucha ndefu na nywele za rangi kali ziachwe. Nguvu ya waraka wa Uganda ni kwamba sehemu yake kubwa inapimika. Goti linaonekana, mkono wa shati upo au haupo. Udhaifu wake ni kulitaka shati la mikono mirefu na tai kwa kila mtumishi wa kiume, awe mezani Kampala au kwenye kituo cha wilayani chenye joto.

Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitakiwa kutoka nje ya ukumbi wa Bunge mjini Dodoma baada ya mbunge mwenzake kulalamikia suruali yake kuwa inabana. Mjadala uliofuata nchini ulikuwa mkali, na sababu yake iko kwenye neno lenyewe. Suruali ilikuwa imeruhusiwa kwa wanawake. Kubana hakuna kipimo. Nguo ileile huwalegea wawili na kumkaa mwingine mwilini, kwa kuwa miili haifanani. Kanuni inayotegemea neno kama hilo humhukumu mtu kwa umbo lake.

Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kitaifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alisema suti ya Kaunda na mavazi ya asili ya Kiafrika hayakubaliki ndani ya ukumbi. Wakati huo Rais William Ruto alikuwa amelifanya vazi hilo kuwa la kawaida kwake, na Wakenya wengi wakauliza vazi linalomfaa rais Ikulu linakosaje kufaa bungeni. Funzo hapa ni la mfano wa wakubwa: watu hufuata wanachokiona kwa kiongozi kabla ya kufuata wanachokisoma ubaoni. Kanuni na mavazi ya mkurugenzi vikipishana, mavazi ya mkurugenzi ndiyo yatakayoshinda.

Mfano wa upande wa pili unatoka General Motors. Mary Barra, alipokuwa mkuu wa rasilimali watu wa kampuni hiyo ya magari, aliufuta waraka wa mavazi wenye kurasa kumi na kuweka maneno mawili tu yenye maana ya kuvaa inavyofaa. Meneja mmoja wa ngazi ya juu alilalamika kwamba watu wake walivaa jinzi wakati mara nyingine huitwa ghafla kukutana na maofisa wa serikali. Barra alimwambia azungumze nao. Walikaa, wakakubaliana kwamba wale wanaokutana na maofisa hao wataweka suruali ya heshima kazini, tayari kwa siku ya wito wa ghafla. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa ufupi. Ukitazamwa kwa karibu, maneno mawili hayakuwa yametatua chochote mpaka kikundi kilipokaa na kutafsiri maana yake kwa kazi yake. Kilichofanya kazi ni makubaliano yenye kitu cha kushikika: suruali moja, mahali fulani, kwa siku fulani.

Hatua za kuandaa

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha kazi zinazofanyika. Ofisi moja inaweza kuwa na anayempokea mteja, anayeingiza hesabu, anayepanda nguzo za umeme na anayepika chai. Kwa kila kundi maswali ni matatu: anakutana na nani, anafanya nini kwa mikono na mwili wake, na kuna hatari gani. Anayekutana na wateja wa benki huangukia daraja ya juu. Anayekaa na kompyuta siku nzima hutosheka na ya chini. Anayeinua maboksi ya nyaraka hawezi kudaiwa suruali ya kitambaa chepesi ambayo itaachia mshono kabla ya saa sita.

Hatua ya pili ni kuangalia hali ya hewa na safari. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar zina joto lenye unyevu kwa miezi mingi ya mwaka, na kati ya Desemba na Machi jasho huanza kituoni. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ina asubuhi za Julai zinazodai sweta. Kampuni yenye matawi katika miji yote hii haiwezi kuwa na kanuni moja ya koti. Safari nayo huchakaza mavazi: anayeshuka daladala au matatu wakati wa masika, akaruka madimbwi hadi mlangoni, huharibu viatu vya ngozi kwa msimu mmoja. Wanawake wengi wametatua jambo hili zamani kwa kuja na ndala na kuweka viatu vya kazi chini ya meza. Kanuni bora hulitamka hilo wazi: viatu vya njiani vinaruhusiwa hadi saa ya kuanza kazi, na ofisi itatoa mahali pa kuvihifadhi.

Hatua ya tatu ni kupiga hesabu ya mfuko wa mfanyakazi anayelipwa kidogo kuliko wote. Kabati la nusu rasmi la wiki moja linahitaji mashati au blauzi nne au tano, suruali au sketi tatu, jozi mbili za viatu na sweta au koti moja. Mtu anayejua kuchagua hupata sehemu kubwa ya vitu hivyo kwenye mitumba ya Karume mjini Dar es Salaam au Gikomba mjini Nairobi, na kanuni haina sababu ya kuuliza nguo imetoka duka gani. Lakini mwajiri akitaka rangi maalumu, nembo ya kampuni au kitambaa cha aina moja, hiyo tayari ni sare, na haki inamtaka aigharimie.

Hatua ya nne ni kuwashirikisha watakaovaa. Kikao cha saa moja chenye wawakilishi wa kila kitengo, wanawake kwa wanaume, kijana na anayekaribia kustaafu, huibua mambo ambayo ofisi ya rasilimali watu isingeyaona: kwamba kiyoyozi cha chumba cha hesabu ni kikali, kwamba ngazi za nyuma zina nafasi kati ya vidato na wanaovaa sketi huzikwepa, kwamba mafundi hawana pa kubadilishia nguo. Mara nyingine tatizo lililoonekana kuwa la mavazi humalizwa na seremala.

Kuandika kwa vitu

Waraka mzuri hutaja vitu kwa majina yake. Maneno kama heshima, staha, nadhifu na ya kupendeza yana nafasi katika sentensi ya utangulizi, lakini hayawezi kubeba kanuni. Yafuatayo ni mambo yanayoweza kutajwa, kuanzia juu hadi chini.

Shati huangaliwa kola, vifungo na urefu. Kola ya shati la nusu rasmi ina utepe mgumu ndani unaoisimamisha bila tai; shati lililochoka hutambulika pale kola inapolala na ukingo wake kuonyesha nyuzi. Fulana ya kola imefumwa, haina utepe huo. Ikifuliwa mara nyingi na kuanikwa ikiwa imekunjwa kwenye kamba, ncha zake hupinda kwenda juu na hazirudi hata kwa pasi. Kwa hiyo ofisi ikiruhusu fulana ya kola iseme pia kwamba iwe na kola iliyokaa sawa, isiyopauka, isiyo na maandishi makubwa ya biashara nyingine, chama cha siasa au klabu ya mpira.

Shati la kitenge au batiki ni nguo ya nusu rasmi kamili, na mshono ndio unaolipa hadhi. Fundi hodari wa Kariakoo akikata shati la kitenge hulaza kipande cha mfuko juu ya kifua, akakisogeza kidogo kidogo mpaka ua la kipande likutane na ua la kifua, ndipo anapopitisha mkasi. Mfuko ukishashonwa hauonekani mpaka mwenyewe atie kalamu. Shati la namna hiyo, likiwa na kola na ukingo wa chini ulionyooka, huvaliwa nje ya suruali bila kuonekana la matembezi, na kwenye joto la pwani humfaa mtu kuliko suti ya poliesta inayofungia jasho.

Kwa suruali, kitambaa na kadeti huingia. Jinzi ni uamuzi wa kila ofisi, na iamue wazi: hairuhusiwi, au inaruhusiwa ya bluu iliyokolea isiyochanika, siku ya Ijumaa. Mlegezo, kaptura na suruali za mazoezi hubaki nje. Sketi na gauni hupimwa kwa goti, na kipimo hicho kichukuliwe mtu akiwa amesimama. Pale ambapo waandishi wa nyaraka huweka neno kubana, kuna jaribio la haki zaidi, la mwendo: mtu aketi, ainame kuokota karatasi, anyooshe mkono kufikia rafu ya juu. Kama nguo imemruhusu kufanya hayo matatu bila kuachia mgongo, tumbo au paja wazi, na bila vifungo kuachana, inafaa. Jaribio hili ni moja kwa jinsia zote, na mashati mengi ya kiume yanayovutwa na kitambi huanguka hapo.

Miguuni, viatu vya kufunika, moka, na viatu vya wazi vyenye kamba ya kisigino vinatosha. Ndala na kandambili haziingii. Makubadhi ya ngozi ya mafundi wa pwani yana hadhi yake yakivaliwa na kanzu, na ofisi za Zanzibar na Mombasa zina kila sababu ya kuyataja kuwa yanakubalika. Raba nyeupe safi zimeingia ofisi nyingi. Anayeziruhusu aseme, anayezikataa aseme pia.

Haki za watu na mipaka ya mwajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, ikiwemo jinsia, dini, ujauzito na ulemavu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina katazo kama hilo. Waraka wa mavazi unaweza kuvunja sheria hizi bila aliyeuandika kukusudia, na sehemu nne zinahitaji uangalifu.

Dini ndiyo ya kwanza. Ushungi, mtandio, kofia ya kanzu, kilemba cha Singasinga na rozari haviondoi sura ya kazi. Kinachoweza kuwekewa masharti ni usalama: karibu na mashine inayozunguka mtandio uchomekwe ndani, maabara na jikoni vitambaa vibadilishwe kila siku. Katazo la jumla la kuvaa chochote kichwani litawakamata kwanza wanawake wa Kiislamu, hata kama mwandishi alikuwa anafikiria kofia za wachezaji wa besiboli.

Ya pili ni ujauzito na afya. Mjamzito anahitaji gauni pana na viatu bapa, na mwenye maumivu ya mgongo, kisukari au mguu wenye hitilafu anaweza kuhitaji kiatu ambacho hakimo kwenye orodha. Waraka useme kwamba ruhusa hiyo hutolewa kwa ombi la faragha, bila kudai maelezo mbele ya watu.

Ya tatu ni usawa wa mzigo. Desemba 2015 mpokeaji wageni mmoja mjini London alirudishwa nyumbani bila malipo kwa kukataa kuvaa viatu virefu, wakati wanaume wa ofisi hiyo walivaa viatu bapa. Ombi lake kwa Bunge la Uingereza lilisainiwa na watu zaidi ya 150,000 na likajadiliwa na wabunge. Kipimo ni rahisi: kanuni za wanawake zikiwa aya tano na za wanaume mstari mmoja, waraka urudishwe mezani.

Ya nne ni nywele. Misuko, rasta, nywele za asili zilizoachwa na upara ni hali za kichwa cha mtu. Usafi na usalama wa mitambo vinatosha kuwa kanuni.

Ijumaa na siku maalumu

Afrika ina njia yake ya kuitumia Ijumaa. Ghana ilianzisha mwaka 2004 mpango wa kuhimiza mavazi ya kitaifa kila Ijumaa ili kukuza viwanda vya nguo. Kenya nayo mwaka 2019 iliwahimiza watumishi wa umma kuvaa nguo zilizotengenezwa nchini siku hiyo. Zanzibar na sehemu kubwa ya pwani Ijumaa ina kanzu tayari, kwa kuwa mtu hutoka ofisini kwenda msikitini. Ofisi inayolegeza mavazi siku hii hufanya vema kutaja kitenge, batiki na kanzu kwanza, ndipo jinzi. Mpangilio huo hulinda sura ya kazi, humpa mtu nafasi ya kujivunia kwake, na fedha ya kitambaa hubaki kwa fundi wa mtaani.

Siku za wageni hutangazwa mapema, siku mbili kabla zikipatikana. Kwa wito wa ghafla, koti moja jeusi la kiume na moja la kike kwenye kabati la ofisi huokoa aibu. Mikutano ya video hufuata daraja ya siku ya wageni kwa nguo za juu, na mashati ya mistari myembamba yaepukwe kwa kuwa huleta mawimbi kwenye kamera.

Kusimamia bila kudhalilisha

Mtu akivuka mpaka, mwenye kusema ni mmoja, naye ni msimamizi wake wa karibu au ofisa wa rasilimali watu. Husema faragha na kwa ufupi, akitaja kitu na kifungu: "Mwenzangu, waraka unataka viatu vya kufunika kaunta, na leo umekuja na ndala. Kesho tafadhali rudi kwenye moka zako. Kuna tatizo lolote?" Swali la mwisho lina uzito wake. Huenda viatu vilichukuliwa na mvua, huenda mguu una kidonda. Kama anayeambiwa ni mwanamke na jambo linagusa mwili wake, mwanamke mwenzake ndiye aseme. Mwili wa mtu hautajwi kamwe. Nguo ndiyo inayotajwa.

Kosa likirudiwa, onyo huandikwa, na hatua za nidhamu hufuata taratibu zilezile za makosa mengine. Kumrudisha mtu nyumbani siku ya kwanza au kumkata mshahara kwa ajili ya shati ni njia ya mkato kuelekea mgogoro, hasa kwa kuwa sheria za kazi zinadhibiti makato ya mshahara. Baada ya miezi sita waraka upitiwe tena: kifungu kilichozua maswali kila wiki kirekebishwe, kisichowahi kutumika kifutwe.

Waraka wenyewe hauhitaji zaidi ya ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza itaje lengo, zinazofuata zitaje nguo za kila daraja kwa majina, kisha siku, ruhusa za dini na afya, viatu vya njiani, na jina la cheo cha anayeulizwa. Picha mbili au tatu zilizopigwa kwa wafanyakazi wenyewe, kwa ridhaa yao, hukamilisha. Kabla haujatiwa saini, usomwe kwa sauti mbele ya mfagizi, mpokeaji wageni na mkurugenzi. Pale ambapo mmoja wao atauliza maana yake nini, sentensi hiyo iandikwe upya.